Safu ya Msaidizi

Nasim alinipigia simu saa tano asubuhi, nikiwa katikati ya kliniki, akaniambia kwa Kiingereza chake cha Scarborough, hapa Toronto, kwamba mama yake amefariki. Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayesoma orodha, kwamba moyo ulikuwa umechoka, mazishi ni kesho yake, na watu wangekuwa wakija nyumbani wiki nzima. Nilimaliza kuwaona wagonjwa wangu wote wa siku ile, sijui nilifanyaje. Mama mjamzito mmoja nilimpima presha mara tatu mpaka akaniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hapana, tatizo ni langu. Mazishini nilikaa nyuma kabisa, mahali ambapo, nikisema ukweli, nimezoea kukaa linapokuja suala la Dokta Shirin, mama yake Nasim. Siku ya tatu ndipo nilipopiga moyo konde nikapanda kwenye fleti yake, ghorofa ya kumi na nne, katika jengo lile lile lenye lifti mbili ambazo sijawahi kuzikuta zote nzima. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Viatu vya wageni vilikuwa vimepangwa ukutani mpaka karibu na jiko, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya iliki na maziwa yanayochemka. Harufu hiyo ilinirudisha kwenye mwaka mmoja wa maisha yangu, mwaka wa kesi, ambao sijawahi kumsimulia mtu ulivyokuwa kweli.

Jinsi nilivyofika Toronto si habari ya sura hii. Itoshe kusema kwamba ilikuwa kabla watu wote hawajawa na simu za kupangusa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nalala kwenye sofa ya binamu yangu kule Lawrence Heights, na nilikuwa daktari. Daktari wa karatasi, maana mchana nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua nguo za hospitali, nakunja makoti ya kijani ya wapasuaji, mia moja kwa saa, na msimamizi akipita anasema Bupe mbona una mikono mizuri hivyo. Ningemwambia nini? Siku moja jino likaniuma nikaenda kwenye kliniki ya meno katika plaza moja ya Scarborough, kwa sababu niliambiwa kule ni nafuu. Nilipofika mapokezi nikasikia sauti inauliza kwa Kiingereza nina miadi na nani. Niliijua sauti ile kabla ya kuinua uso. "Shikamoo, Dokta," nikasema. Yule mama nyuma ya kaunta aliacha kuandika. "Alaa!" akasema. "Bupe! We mtoto, umekonda hivyo nani kakuroga?" Kisha akageuka kwa daktari wa meno, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, akamwambia huyu apite kwanza, mimi ndiye niliyemfundisha kushona.

Na kweli ndiye. Dokta Shirin alizaliwa Tanga, Mhindi wa Tanga wa kizazi cha nne, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule kwao, laini lakini chenye pilipili ndani. Alikuwa amefanya kazi miaka zaidi ya ishirini katika hospitali moja ya wilaya, wodi ya uzazi, na mimi nilipita mikononi mwake miezi mitatu nilipokuwa daktari wa mafunzo, mwaka wake wa mwisho kabla hajahamia Kanada. Hakuwa na shahada ya ubingwa, alikuwa na mikono tu, na mikono ile ilijulikana wilaya nzima. Toronto nzima ni mimi peke yangu niliyeendelea kumwita Dokta. Wengine walimwita Shirin, au dada, au yule mama wa mapokezi. Nilipomwita hivyo mbele ya watu alijifanya kukasirika, "Acha bwana, dokta wa miadi ya kung'oa meno?" lakini nilikuwa namwona anavyonyoosha mgongo.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze kidogo. Daktari akitoka nje akaja huku, vyeti vyake vinapokelewa kwa tabasamu na kuwekwa kando. Ili aruhusiwe kumgusa mgonjwa, lazima apite tena kwenye mafunzo ya ubingwa hospitalini, na mafunzo hayo yana nafasi za kugombania. Nyingi ni za vijana waliosoma humu humu nchini. Chache, tena chache kweli, zimetengwa kwa ajili ya waliosomea nje. Hizo ndizo tulizokuwa tunazililia. Sasa mwaka ule kamati ya udahili ya mpango mmoja mkubwa ikaleta sharti jipya: anayeomba nafasi zile zilizotengwa awe amemaliza chuo ndani ya miaka kumi iliyopita. Aliyezidi hapo, fomu yake haifunguliwi. Mimi nilikuwa na miaka mitano tangu nimalize. Dokta Shirin alikuwa na ishirini na sita. Isitoshe, nafasi zile zile zikafunguliwa kwa watoto wa Kikanada waliokwenda kusomea udaktari visiwa vya Karibi na Ulaya na kurudi wakiwa wabichi, cheti hakijakauka wino. Ukiangalia vizuri, nafasi zilitengwa kwa ajili ya watu kama Dokta Shirin, kisha likatungwa sharti la kuwatoa watu kama Dokta Shirin. Kamau, daktari mwenzetu kutoka Kenya aliyekuwa akipakia mikate kwenye kiwanda huko North York na ambaye cheti chake kilikuwa na miaka kumi na nne, alisoma barua ya sharti hilo akaikunja vipande vinne. "Hii ni kutuchezea akili," akasema. "Ni kama kukaribishwa kwa meza halafu unaambiwa viti ni vya watoto."

Tulikutana kila Jumamosi kwenye fleti ile, sisi watatu, kujifunza mtihani wa kumhoji mgonjwa. Natoka Lawrence Heights asubuhi, napanda treni, kisha basi refu la kwenda mashariki lililojaa mama zetu wenye mifuko ya mchele, nafika nimegandishwa na baridi mpaka masikio, na Dokta Shirin ananisukumia kikombe mkononi kabla sijavua koti. Jikoni kulikuwa na saa ya kupikia ya umbo la nyanya. Tulikuwa na sheria: saa ikianza kugonga ni Kiingereza tu, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza, ikilia, Kiswahili, na chakula. Mmoja ni mgonjwa, mmoja ni daktari, mmoja anatoa maksi. Kamau alikuwa mgonjwa balaa. Alilala kwenye kochi akishika tumbo, akagugumia, akamwita mama yake, siku nyingine akaomba maji ya kunywa mara tatu ili kumpotezea daktari muda. Nasim, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili, alikaa chini ya dirisha na vitabu vyake vya shule akijifanya hatazami. Mama yake alimsemesha Kiswahili, yeye akajibu Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu.

Aliyefeli siku zote ni Dokta Shirin. Mtihani ulikuwa dakika kumi na mbili. Yeye dakika ya kwanza tu alishajua ugonjwa. Anamtazama Kamau anavyokaa, anambonyeza hapa na pale, anasema ni kidole tumbo, mpelekeni. Kisha anakunja mikono. Namwambia, "Dokta, hujajitambulisha. Hujamwomba ruhusa kumgusa. Hujamuuliza anajisikiaje moyoni." Ananikodolea macho. "Si kaja kwa sababu anajisikia vibaya? Sasa hizo dakika kumi na moja zilizobaki nifanye nini, nimwimbie?" Kamau anacheka mpaka anasahau kuumwa. Mihogo ya kukaanga inatoka, ile iliyonunuliwa imegandishwa kwenye duka la plaza, na pilipili na ndimu juu, tunakula kwa mikono huku tunampa maksi mbili kati ya kumi. Nacheka nikiandika haya. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu hapo, kwenye mikutano ya madaktari yenye vitambaa vya mezani, na sijawahi kushiba vile.

Wazo la kwenda kushtaki lilitoka kwa Kamau lakini aliyelibeba ni Dokta Shirin. Walipata wakili, dada mmoja kijana aliyekuwa akichukua mashauri ya namna ile bila malipo, mwembamba, mwenye mafaili mengi kuliko mikono. Alitueleza kwamba baraza linalosikiliza malalamiko kama hayo lisingejali machozi yetu. Hoja ingekuwa moja tu: sharti linapima umri wa cheti badala ya kupima mikono, na mhamiaji mwenye uzoefu ndiye anayeumia. Ili hoja ishike, alihitaji mtu mmoja ambaye cheti chake ni cha zamani lakini mikono yake haikuwahi kupumzika mpaka siku aliyopanda ndege. Hapo sote tuligeuka tukamtazama Dokta Shirin, na yeye akatazama sufuria yake. "Haya basi," akasema. "Jina langu waliandike. Mimi kijana tena? Nataka nafasi moja tu, hata iwe barafuni huko kaskazini, nishike kisu kabla sijafa." Hivyo ndivyo alivyosema, nishike kisu kabla sijafa, akachukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Hapo mwanzo tulikuwa na uhakika wa kushinda. Kisha upande wa pili wakaleta nakala za rejista ya chumba cha upasuaji kutoka hospitali yetu ya zamani, zimetumwa kihalali kabisa, zenye mihuri. Wakili wetu akazitandaza juu ya meza ile Jumamosi moja ya Januari. Rejista ile ina safu mbili, safu ya mpasuaji na safu ya msaidizi. Mwaka mzima wa mwisho wa Dokta Shirin, ukurasa baada ya ukurasa, jina lake liko kwenye safu ya msaidizi. Kwenye safu ya mpasuaji yako majina ya madaktari wa mafunzo, na kwa miezi mitatu mfululizo jina lililoandikwa hapo ni langu. "Watasema aliacha kupasua mwenyewe," wakili alisema. "Watasema alikuwa anasimama pembeni, na kwamba ndiyo maana sharti lao lina busara." Akanitazama. "Ni kweli wewe ndiye uliyefanya hizi zote?" Dokta Shirin akawahi kuinuka kwenda kuzima jiko ambalo lilikuwa limeshazimwa.

Hapana, haikuwa kweli, na mtu yeyote aliyefanyia mafunzo hospitali kama ile anajua kwa nini. Daktari wa mafunzo ana kitabu chake, na kitabu kinataka oparesheni thelathini za uzazi alizofanya kwa mkono wake. Usipofikisha thelathini, unarudia miezi mitatu. Lakini akina mama wanasubiri kwenye korido, mtoto tumboni amechoka, na huwezi kumwacha binti anayetetemeka achukue saa nzima kwa kazi ya dakika ishirini. Kwa hiyo mimi nilichana ngozi, Dokta akanisukuma kwa kiuno, "Sogea mwanangu," akamaliza. Kisha anavua glavu, anachukua kalamu, anaandika jina langu kwenye safu ya mpasuaji na lake kwenye safu ya msaidizi. Siku moja nilimwambia, Dokta, hii si sawa, hii umefanya wewe. Akacheka. "Jina langu litanisaidia nini mimi? Mimi nimeshafika. Wewe ndiye mwenye safari." Hakuwa yeye peke yake, wakubwa wengi wa hospitali zetu walifanya hivyo, na waliona ni malezi. Hakuna aliyewaza kwamba ipo siku mtu wa mbali atafungua rejista ile na kuisoma kama msahafu. Kwa hesabu yangu, katika zile thelathini, kumi zilikuwa zangu, kumi na tisa zilikuwa zake, na moja, ile ya mwisho, sijui. Siku hiyo ilikuwa mvua kubwa ya mchana, umeme ukakatika tumbo likiwa limeshafunguliwa, na ninachokumbuka ni giza, mwanga mdogo wa njano na mikono, mikono mingi. Mkono upi ulifanya nini, hata ukiniua siwezi kusema.

Na kitabu changu cha mafunzo kilikuwa ndani ya maombi yangu ya nafasi iliyotengwa. Thelathini, sahihi ya Shirin kila mstari. Wiki ile ile wakili alipotandaza rejista, nilipata barua ya kuitwa kwenye usaili. Nafasi mbili tu za uzazi, na mimi nimeitwa! Nilikuwa nimeibeba barua ile kwenye sidiria kama pesa ya mkopo, sikumwambia mtu siku mbili. Wakili akaniandalia hati ya kiapo, ukurasa mmoja: Mimi Bupe naapa kwamba oparesheni zilizoandikwa kwa jina langu, nyingi kati ya hizo, zilifanywa na Dokta Shirin kwa mikono yake mwenyewe. Kilichobaki ni sahihi. Madaktari wengine wa mafunzo walikuwa wametawanyika, na hata wangepatikana, nani angekula kiapo kwamba kitabu chake kina uongo? Nikisaini, Dokta Shirin ana kesi. Nikisaini, kamati ile ile inayosoma maombi yangu inaona kwamba kumi na tisa kati ya thelathini zangu ni za mtu mwingine, na mimi narudi kukunja makoti ya kijani mpaka nizeeke. Nilimuuliza Dokta, nusu kwa kuomba Mungu, lile kaunta buku lake liko wapi. Kule hospitalini alikuwa na kaunta buku la jalada gumu, kila baada ya kazi aliketi pembeni akaandika mambo yake, sikuwahi kuliona ndani. Kama lingekuwepo, nilijiambia, lingesema lenyewe, mimi nisiseme. Ingawa lingeniumbua vile vile, sijui kwa nini niliona ni afadhali kuumbuliwa na daftari kuliko kujiumbua. "Lilibaki," akajibu. "Mizigo ilizidi uzito. Nilichagua sufuria."

Jumamosi iliyofuata nilikuja na hati ile ndani ya bahasha, na kalamu. Niliapa njiani kwamba nitasaini mbele yake. Kamau alikuwa zamu kiwandani, kwa hiyo tulikuwa wawili na Nasim chini ya dirisha. Nikaitoa nikaiweka mezani, nikafungua kalamu.  Nikamwambia kuhusu barua ya usaili pia, maana nilitaka ajue naacha nini. Mtu akitoa sadaka anapenda ionekane. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinikumbatia kwa sababu ya usaili, akanibusu kwenye paji la uso, akasema, "Unaona? Unaona mwanangu?" Kisha akageuka, akabeba sufuria ya kuku wa nazi kutoka jikoni, inatoka moshi, akaiweka moja kwa moja juu ya ile hati. "Tule kwanza," akasema. Tukala. Kuku yule alikuwa na mayai ndani na mchuzi mzito wa njano, tukachovya mkate, akanisimulia habari za mteja wa meno aliyemng'ata daktari. Alipoinua sufuria, hati ilikuwa na duara kubwa la mafuta katikati, maneno yamelowa. Akaishika kwa ncha za vidole akaitazama. "Loo. Imechafuka hii. Haiwezi kupelekwa mbele ya watu." Akaitupa kwenye ndoo ya taka. Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa raha, kifua kikafunguka, kwa sababu nilijua nimeponea. Wakili alikuwa na mashine ya kuchapa. Karatasi nyingine ingechukua dakika moja. Sikuiomba. Wakili aliponipigia simu, sikupokea. Nilijikausha wiki nzima mpaka akaacha.

Baraza liliketi Februari katika chumba chenye zulia la kijivu na majagi ya maji, katikati ya mji. Nilikaa safu ya nyuma. Wakili wa upande wa pili alikuwa baba mmoja mpole, na nadhani upole wake ndio uliotumaliza. Alimfungulia Dokta Shirin rejista akamwonyesha mstari mmoja. Jina la mpasuaji hapa ni nani? Dokta Bupe, akajibu. Na wewe ulikuwa? Msaidizi. Na hapa? Msaidizi. Alimwonyesha mistari mingi. Mwishowe akamuuliza taratibu, kana kwamba anampa nafasi ya mwisho, kama kuna kitu ambacho rejista haikusema. Dokta Shirin alikuwa amevaa koti lake la mazishi na harusi, la bluu. Aligeuza kichwa kidogo, hakunitafuta kwa macho, lakini nilijua anajua nilipo.  Ningeweza kusimama. Magoti nilikuwa nayo. "Ilivyoandikwa ndivyo ilivyo," akasema kwa Kiingereza chake kizuri. Kamau, aliyekaa mbele yangu, aligeuka akanitazama, akarudi akatazama mbele, na tangu siku ile mpaka leo tunataniana kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Machi nikapata nafasi. Mei uamuzi wa baraza ukatoka: malalamiko ya Dokta Shirin hayakuthibitishwa, kwa kuwa rekodi hazionyeshi kwamba alikuwa akipasua, ila kamati ikashauriwa kulitazama upya sharti la miaka kumi. Ikalitazama, polepole, na baada ya miaka miwili ikaliondoa. Kamau aliingia kwa mlango huo. Sasa ni daktari katika mji mdogo kaskazini, ana pikipiki ya barafu na wagonjwa wanaomletea samaki. Dokta Shirin hakuomba tena. Alisema macho yamechoka, na kwamba daktari wa meno hawezi kuishi bila yeye. Siku niliyoanza mafunzo alinitengenezea kachori ishirini nikagawie wenzangu wa wodi. Nilikuwa nampigia simu kila sikukuu, kisha sikukuu moja moja, kisha kwa mwaka mara moja, na yeye alipokea vile vile siku zote, "Bupe! Umekula?" Wala hakuwahi kunitupia neno. Angenitupia, labda ningekwenda mara nyingi zaidi.

Sasa siku ile ya tatu nilikaa kwenye kochi la Kamau la ugonjwa, wageni wakaondoka mmoja mmoja, mpaka tukabaki mimi na Nasim. Ni mwanamke mzima, ana paji la uso la mama yake. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaanza, "Nasim, kuna jambo kuhusu ile kesi ya mama yako," naye akainua mkono kunizuia. Akaniletea chai, akakaa, akaningoja ninywe. Ndipo aliposema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mama yake alimwambia nitakuja siku moja na jambo, na kwamba nisiulizwe kitu mpaka niwe nimekunywa chai. Nilikunywa inaniunguza. Nikamwambia yote. Kumi na tisa zake, sufuria juu ya hati, simu ya wakili nisiyoipokea, safu ya nyuma. Nilisema wewe umekua ukidhani mama yako alishindwa, na mama yako hakushindwa, alinyamaziwa, na aliyenyamaza ni mimi. Nililia, bila shaka nililia. Nasim aliinuka. Alikwenda jikoni, akavuta kiti, akapanda, akatoa kutoka juu ya kabati, nyuma ya masufuria, kaunta buku la jalada gumu, kingo zake zimeliwa. Alisema lilikuwa pale siku zote. Alikuwa akiliona tangu utotoni, na mama yake hakumruhusu kuligusa.

Kwa hiyo halikubaki. Alikuja nalo, pamoja na sufuria, na mwaka mzima ule wa kesi lilikuwa hatua nne kutoka pale tulipokaa tukila mihogo. Sikuweza kulifungua, machozi na miwani havipatani. Nasim akalifungua mwenyewe. Mwandiko ulikuwa wa Kiswahili, na Nasim, ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi nzima ya Kiswahili tangu ana miaka kumi na miwili, aliweka kidole chini ya maneno akaanza kusoma kwa sauti pale palipokuwa pamewekwa uzi mwekundu. Alisoma kwa shida, silabi moja moja, na lafudhi ya Toronto. "Mvua. Umeme umekatika. Mtoto wa kike, analia vizuri." Akapumua. "Mpasuaji Bupe, peke yake. Mimi nimeshika tochi tu. Huyu sasa ameiva."

Mikono yote miwili siku ile ya giza, basi, ilikuwa yangu.  Kisha nikapangusa miwani, nikamwomba anipe lile buku, nikarudi nyuma mpaka siku yangu ya kwanza kwenye wodi ile. Nikamsomea zile kumi na tisa moja baada ya nyingine, tarehe, uzito wa mtoto, jina la mpasuaji, na kila palipoandikwa "mimi" nilisoma "mama yako".